Nusu Saa ya Dobini

Hoteli yetu Kiwengwa inauza mapumziko.
Ndivyo ilivyoandikwa langoni kwa herufi za shaba,
na mie ndiye niliyezisugua kwa ndimu na majivu
mpaka zikang'aa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa ya tatu wanapewa taulo jipya,
ya kumi wanapewa jingine,
na jembe tumebaki nalo sisi
kule nyuma, bandani kwa mabati,
penye mashine nne, moja mbovu tangu Mfunguo Tatu.

Shuka mia na arubaini kwa siku.
Kila ikimaliza mzunguko mashine hunyamaza dakika tatu;
ipoe, kasema fundi, isije ikaungua.
Hakuna anayeikata.

Mie saa sita na nusu huvua aproni.
Nikishaswali hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
boflo mkononi, maharage ya jana yaliyolala na nazi,
nikaunyoosha mguu wa kushoto, huu wenye mshipa.
Saa saba juu ya alama nimeshasimama, tonge bado shavuni.

Mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ikaja:
*Biubwa Mcha. Makato: mapumziko, saa kumi na tatu.*

Saa kumi na tatu!
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa vibanio vya nguo:
siku ishirini na sita, nusu, nusu, nusu.
Zinatimia.
Hawakukosea hesabu, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwonesha Mwanakheri wa pasi, mtu wa Konde,
hana maneno mengi.
Akaigeuza karatasi, akaazima kalamu ya mlinzi,
akaandika mgongoni mwake:

*Mashine yapumzishwa, ikipata joto jingi,*
*Na punda hunywa, hulishwa, japo ana kazi nyingi,*
*Mtu ndiye wa kuchoshwa, akikaa ni shilingi,*
*Nusu saa ya mapafu, naidai, si sadaka.*

*Pumzi kanipa Mola, bila risiti ya kodi,*
*Wewe wapimia kula, kwa saa na kwa idadi,*
*Shuka zenu za kulala, mgongo wangu shahidi,*
*Nusu saa ya mapafu, naidai, si sadaka.*

Alipomaliza akaipiga pasi,
ikanyooka kama cheti cha ndoa.

Bwana Haroub, mhasibu, alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma.
Midomo ikimcheza, kidole kikigonga meza,
nane, na nane.
"Mizani imekaa," akasema.
"Mizani sikukuuliza. Nakuuliza saa zangu kumi na tatu."

Ilikuwa saa nne na robo.
Mbele yake kikombe cha kahawa, kimefika nusu.
"Na hii," nikamwambia, "hukatwa pia?"
Akakiweka chini upesi kama kimemuunguza,
na kahawa yenyewe ilikwisha poa.

Ati atauliza Mjini. Mjini wataulizana wao kwa wao.
Mpaka leo sijui wamejibuje.

Ila Jumatatu, ndani ya foronya ya chumba nambari kumi na moja,
nilikuta kile kibao wanachotundika wageni mlangoni.
Saa sita na nusu nikakitungika kwenye msumari wa banda:
*Tafadhali, usisumbue.*
Tukapindua ndoo, wanawake tisa, ndoo tisa.
Mashine nazo zikanyamaza, sijui nani alizizima.

Msimamizi akaja. Akasoma. Akabaki nje.
Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto,
vinakwenda, vinarudi, vinatuhesabia.

Sikuharakisha.
Miaka sita nimekula maharage pale;
siku ile ndiyo niliyojua kwamba Mwanakheri
huyatia iliki.